Kompyuta Kuukuu na Siri za Wananchi

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10, iliyokuwa ikiendesha kompyuta za ofisi duniani kote tangu mwaka 2015. Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kuipokea programu iliyofuata, Windows 11, kwa sababu kampuni hiyo imeiwekea masharti ya vyombo ambavyo mashine hizo hazikuundwa navyo. Mashine bado ni nzima, lakini mwenyewe anaambiwa kwamba haitapata tena kinga mpya dhidi ya wezi wa mitandaoni. Basi maofisi, mashule, vyama vya ushirika na watu binafsi wamo katika kubadilisha kompyuta, na wale ambao hawajaanza watalazimika kuanza. Hayo ni mambo ya biashara na maendeleo, nasi hatuna ugomvi nayo. Tunalotaka kuuliza leo ni jambo moja ambalo hatulisikii likiulizwa: hizo kompyuta kuukuu zinakwenda wapi, na zinapokwenda zinachukua nini tumboni mwao?

Sehemu ya kwanza ya swali hili kila mwananchi anaweza kuijibu. Nyingine hurundikwa stoo mpaka zishikwe na vumbi na mende. Nyingine hupigwa mnada na dalali, pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Nyingine hugawiwa shule, na nyingine hununuliwa na mtumishi kwa bei nafuu akampelekea mtoto wake. Zile zilizokwisha kukatiwa tamaa huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Njia hizi zikifuatwa kwa taratibu zake ni halali, na kumpa mwanafunzi kompyuta ambayo bado ina nguvu ni jambo la kusifiwa kuliko kuiacha ioze.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Tumboni mwa kompyuta ya chama cha kuweka na kukopa mna majina ya wanachama, namba zao za kitambulisho cha taifa, namba zao za simu, akiba zao, na majina ya waliowadhamini. Katika ile ya zahanati mna maradhi ya watu. Katika ile ya ofisi ya ardhi mna mashauri ambayo ndugu wa baba mmoja hawajayamaliza. Tena yupo mtu ambaye wakubwa humsahau, naye anashika siri za mtaa mzima kuliko ofisi yoyote ya Serikali: mwenye duka la steshenari. Kijana akitaka kuomba mkopo wa chuo, au kazi, au cheti cha kuzaliwa, huenda kwake. Cheti hupigwa picha kwenye mashine yake, kitambulisho kikapigwa picha, sahihi ikapigwa picha, na neno la siri likaandikwa mbele yake kwa sababu kijana hana njia nyingine. Yote hayo hubaki katika kompyuta moja iliyowekwa juu ya meza ya mbao kando ya barabara. Baada ya miaka mitano mashine hiyo huchoka, na mwenyewe, ambaye ni mchumia juani kama sisi sote, huiuza kwa yeyote mwenye fedha mkononi.

Atasema mtu: lakini huyo mwenye duka alifuta kila kitu kabla ya kuuza. Hapa ndipo watu wengi, wakiwamo wasomi, wanapodanganyika. Kila aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya Serikali anaijua masijala. Majalada yamepangwa katika rafu, na juu ya meza pana daftari linaloonyesha jalada gani liko rafu ipi. Mtu akiiamuru kompyuta ifute waraka, kwa kawaida kompyuta haiendi rafuni kuuchana. Hulifungua daftari, ikakata mstari mmoja, ikaandika kwamba rafu ile sasa i wazi na inaweza kupokea jalada jingine. Jalada lenyewe lingalipo mahali pake, na litakuwapo mpaka siku jalada jingine litakapowekwa juu yake, siku ambayo huenda isifike kamwe. Hata ile kazi ambayo mafundi huiita kuformati, ikifanywa kwa njia ya haraka, ni kulichoma daftari na kuziacha rafu zilivyokuwa. Ziko programu, nyingine za bure kabisa, ambazo huingia katika masijala isiyo na daftari na kuyasoma majalada moja baada ya jingine. Kijana mwenye subira anaweza kuzitumia bila ya kwenda chuo.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Katika mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizokwisha kutumika, ambazo walizinunua sokoni kama mtu yeyote awezavyo kununua. Diski 129 kati ya hizo zilikuwa zinafanya kazi. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Katika nyinginezo walikuta barua za watu, habari za maradhi na maelfu ya namba za kadi za benki. Na moja ilionekana kuwa ilitolewa katika mashine ya kutolea fedha.

Twaona tena kwamba makosa makubwa hayakufanywa na maskini wasio na ujuzi. Katika mwaka 2010 hospitali za Serikali za Brighton na Sussex, huko Uingereza, zilikuwa na diski zipatazo 1,000 za kuharibiwa. Kazi ikapewa mtu wa nje. Zaidi ya diski 200 zikaonekana baadaye zikiuzwa katika mnada wa intaneti, na ndani yake mlikuwa na habari za wagonjwa, wakiwamo wa kliniki ya virusi vya UKIMWI. Mwaka 2012 hospitali hizo zilitozwa faini ya pauni 325,000. Benki ya Morgan Stanley ya New York nayo iliikabidhi kazi ya kuondoa mashine zake kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikuwa na uzoefu wowote wa kuharibu kumbukumbu. Diski zikauzwa, nazo zikaishia mikononi mwa watu baki zikiwa na habari za wateja wa benki. Serikali ya Marekani iliitoza benki hiyo dola milioni 60 mwaka 2020, na dola milioni 35 nyingine mwaka 2022. Tuangalie vizuri kosa lilikuwa wapi. Hospitali na benki hizi hazikukosa fedha wala wataalamu. Zilimpa mtu mzigo, zikapokea risiti ya mzigo, zikadhani kwamba kwa kuwa mzigo umeondoka mlangoni, na siri zimekwisha.

Afrika tunaingia katika habari hii kwa mlango wa uani. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walikwenda Ghana kufuatilia safari ya kompyuta mbovu zinazotoka Ulaya na Marekani. Huko walinunua diski moja kwa dola 40, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba baina ya kampuni ya silaha ya Northrop Grumman na Serikali ya Marekani. Wakubwa wa dunia wametutupia taka zao kwa miaka mingi, na ndiyo maana nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 zikafanya mkataba wa kuzuia taka za sumu zisiingizwe barani. Lakini safari hii, pamoja na taka, wametutupia na siri zao. Mtu angeweza kucheka, lau siri zetu sisi zisingekuwa zinatupwa kwa njia ile ile.

Kwa wale wanaodhani kwamba haya ni mambo ya aibu tu, na kwamba aibu haiui, tunawakumbusha habari ya mwaka 2022. Watafiti wa Kijerumani walinunua katika mnada wa intaneti, kwa dola 68, kifaa cha jeshi la Marekani cha kuchukulia alama za vidole na picha za mboni za macho. Kilikuwa kimetumika mara ya mwisho karibu na Kandahar, Afghanistan, mwaka 2012. Ndani yake waliyakuta majina, picha, alama za vidole na mboni za watu 2,632, na baadhi yao walikuwa watu waliofanya kazi na jeshi hilo. Mwaka mmoja kabla ya kununuliwa kwa kifaa hicho, Taliban walikuwa wamekwisha kurudi madarakani Kabul. Mtu hubadili neno la siri. Mboni ya jicho hawezi kuibadili.

Hapa kwetu hatari inavaa nguo nyingine. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata kupokea ujumbe wa kumtaka ile fedha aitume kwenye namba hii. Wengi huucheka na kuufuta, kwa kuwa aliyeutuma hamjui anayemwandikia. Sasa tufikiri ujumbe huo ukitoka kwa mtu anayejua jina lako kamili, anajua kwamba umekopa katika chama fulani, anajua kiasi ulichobakiza, na anajua kwamba mdhamini wako ni shemeji yako. Huo si ujumbe wa kuchekwa tena. Na mambo hayo yote manne yamo katika diski moja ya chama cha akiba, ambayo thamani yake kwa mnunuzi wa vyuma haifikii bei ya sahani ya wali.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake tarehe 3 Aprili, 2024. Sheria hiyo humtaka anayekusanya habari za watu azilinde, wala asikae nazo kuliko muda unaohitajika. Kabla yake, tangu mwaka 2002, tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, ambayo kwayo mtumishi hawezi kujiamulia tu kuharibu au kuuza nyaraka za Serikali. Tunaipongeza Serikali kwa hatua hizi, tena si kwa maneno ya kupamba. Lakini sheria huandikwa Dodoma, na kompyuta hufutwa katika vitabu vya mali huko wilayani, na baina ya hayo mawili pana pengo.

Pengo lenyewe ni hili. Kompyuta ya umma ina namba ya mali iliyobandikwa ubavuni. Namba hiyo imo katika rejista. Mkaguzi akija huitafuta namba, akiiona huridhika, asipoiona mtu hujieleza. Mashine ikichakaa huombewa kibali, kamati huikagua, bei hukadiriwa, mnada hutangazwa, fedha huingizwa kwa stakabadhi. Hatua zote hizi zinalilinda sanduku. Hakuna hata moja inayomtaka mtu aseme kwa sahihi yake kwamba diski iliyomo imesafishwa, imesafishwa na nani, na kwa njia gani. Tena, kwa kuwa diski ni sehemu ya mali yenye namba, mtumishi mwaminifu anayetaka kuing'oa na kuivunja huogopa asije akaambiwa ameiba kifaa cha Serikali. Hivyo mtu mwangalifu hufungwa mikono na utaratibu ule ule uliowekwa kwa ajili ya kumzuia mwizi. Twasema wazi kwamba hilo si kosa la watumishi. Utaratibu uliandikwa zama ambazo mali ya ofisi ilikuwa meza, kabati na taipureta, na taipureta ilipouzwa haikuondoka na barua zote zilizopata kupigwa juu yake.

Kuna wakati karatasi za ofisi zilionekana zikifungia karanga na vitumbua sokoni. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu inayoonekana: mnunuzi aliifungua karanga yake, akasoma jina la mtu, habari ikavuma, na mkubwa wa ofisi akatafuta mahali pa kuficha uso. Diski haimwaibishi mtu. Huondoka kimya, husomwa kimya, na mwenye jina hujua siku anapokuta mkopo uliochukuliwa kwa kitambulisho chake.

Yafaa sasa tuseme yanayowezekana, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi ya wapita njia. La kwanza ni kutenganisha mashine zilizo hai na zilizokufa. Iliyo hai isivunjwe. Nchi yetu haina utajiri wa kupiga nyundo vitu vinavyofanya kazi. Mwenyewe anakili kwanza vyote anavyovihitaji kwenye chombo kingine, na kuhakikisha kwamba nakala inafunguka. Hutoka katika barua pepe zake na akaunti zake zote. Kisha husafisha diski, na hapa lazima ajue ana diski ya aina gani. Diski za zamani, zenye sahani inayozunguka, husafishwa kwa programu inayoandika juu ya rafu zote tangu mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha kwa diski za siku hizi, na habari za kwamba ni lazima mara saba au mara thelathini na tano zimepitwa na wakati. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na uharaka wenyewe ni dalili ya kuonyesha kwamba haikufanyika. Diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo mafundi huziita SSD, zina tabia nyingine: hujipangia zenyewe mahali pa kuandika, kwa hiyo kuandika juu yake hakutoi hakika. Hizo zinataka amri maalumu ya kujisafisha iliyowekwa na mtengenezaji. Lililo bora zaidi ni kuzifunga kwa maandishi ya siri tangu siku ya kwanza ya kazi. Basi siku ya kuagana huharibiwa ufunguo tu, na yaliyobaki huwa herufi zisizosomeka na yeyote. Katika Windows 10 na 11, anayerudisha kompyuta katika hali ya mwanzo huulizwa kama anataka kusafisha diski pia. Wengi hupita swali hilo mbio, nalo ndilo lililokuwa la maana.

Mashine iliyokufa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu hakuna anayeiogopa. Kompyuta huitwa mfu kioo kikipasuka au chombo cha umeme kikiungua, na huku diski yake ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Haiwezi kusafishwa kwa programu kwa kuwa haiwaki, basi hupewa mnunuzi wa vyuma jinsi ilivyo. Fundi yeyote huweza kuing'oa diski hiyo kwa bisibisi na kuichomeka katika kompyuta nyingine kwa dakika chache. Vivyo hivyo mwenye mashine aing'oe kwanza: aisafishe akiwa ameichomeka mahali pengine, au aiharibu. Ile yenye sahani itobolewe kwa keekee mpaka sahani zitoboke, mtu akiwa amevaa miwani ya kazi, kwa kuwa sahani nyingine ni za kioo na huruka vipande. Katika SSD ni lazima kila kipande kidogo cheusi cha kumbukumbu kipondwe, maana kinachobaki kizima hubaki na siri zake. Asiichome moto mtu yeyote, wala betri ya kompyuta ya mkononi isipigwe nyundo. Moshi wa vitu hivi una sumu na betri hulipuka. Mabaki yapelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali cha NEMC, siyo kando ya mto.

Tusisahau mashine za fotokopi. Zile kubwa za ofisini nyingi zina diski ndani, nazo hutunza picha za karatasi zilizopita juu ya kioo chake. Shirika moja la bima ya afya la New York, Affinity, lililazimika kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2013 kwa sababu lilirudisha mashine za fotokopi lilizokuwa limezikodi bila kuzisafisha, na watu wapatao 344,000 wakawa hatarini. Waliogundua ni waandishi wa habari wa televisheni, waliokuwa wamenunua mojawapo. Ofisi zetu ngapi zinakodi mashine hizi, na katika mikataba yao kuna kifungu gani juu ya diski?

Tunaitaka Hazina, pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ziongeze karatasi moja katika utaratibu wa kufuta mali: hati ya kusafisha au kuharibu diski, yenye namba ya diski yenyewe, njia iliyotumika, tarehe, na sahihi za watu wawili. Mkaguzi aitafute hati hiyo kama anavyoitafuta stakabadhi ya fedha. Mtumishi aliyeiharibu diski kwa hati asihesabiwe kuwa amepoteza mali. Kompyuta za kugawiwa shule ziende na diski zilizosafishwa na programu mpya isiyolipiwa, ziko nyingi za namna hiyo ambazo mashine za mwaka 2015 huzibeba bila taabu. Mafundi wetu wa mitaani, ambao ndio wenye bisibisi, wafundishwe kazi ya kusafisha na waruhusiwe kuilipisha. Mwenye duka la steshenari hatamwita mtaalamu kutoka mjini, lakini fundi wa jirani yake atamwita, na shilingi elfu chache atazitoa.

Na Chama kianze. Matawi yetu, kata zetu na wilaya zetu zina rejista za wanachama, zenye majina, picha na namba za simu. Mwanachama alipotoa jina lake alilitoa kwa Chama, hakulitoa kwa dalali. Makatibu wa wilaya hawahitaji kungoja waraka kutoka juu ili kufungua milango ya stoo zao na kuhesabu kompyuta zilizomo, maana wote wanazijua zilipo.

Matangazo ya minada huchapishwa katika magazeti, na letu mojawapo. Gari huandikwa namba yake, mwaka wake na hali ya injini. Kompyuta huwekwa mwishoni, katika mstari mmoja na makabati, kwa jina la vifaa mbalimbali vya ofisi. Tungependa kuchapa tangazo la kwanza litakaloeleza kwamba diski zimesafishwa na hati zake zinaweza kuonwa na mnunuzi kabla ya siku ya mnada. Nafasi ya mstari huo ipo.